MBUNGE HUPIMWA KWA MZANI GANI? Paul Bomani na miswada mikubwa ya wakati wake

Na Mwalimu wa Uraia

Katika muhula huu wanafunzi wa Kidato cha Tatu waliniuliza hivi: "Mwalimu, mtu atamjuaje mbunge mzuri?" Kabla sijafungua kinywa walianza kujibizana wenyewe. Mmoja alisema ni yule anayesimama mara nyingi Bungeni. Wa pili akasema ni yule aliyeleta zahanati. Wa tatu akasema, bila haya, ni yule wa kwetu. Kengele ikalia. Niliona swali hilo halitoshi dakika 40 za kipindi, nikaazimia kulijibu katika gazeti letu, ili na wazazi walisome.

Jibu langu ni fupi, lakini maelezo yake ni marefu kidogo. Mbunge hupimwa kwa mambo mawili yakiwekwa pamoja: alikotoka, na alichokubali au alichokataa wakati mswada ulipoletwa mbele yake. Mtu anayetazama jambo la kwanza tu huchagua jina. Mtu anayetazama la pili tu hataelewa kwa nini mbunge alifanya alivyofanya. Ili tusizungumze hewani, nimemchukua mtu mmoja wa kando ya ziwa letu, marehemu Paul Bomani. Alifariki mwaka 2005, kwa hiyo hakuna atakayedhani kwamba nampigia mtu kampeni.

ALIKOTOKA

Paul Bomani alizaliwa mwaka 1925 huko Ikizu, wilaya ya Musoma ya wakati ule. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kanisa la Waadventista wa Sabato, naye kijana alisoma katika shule za kanisa hilo. Hakutoka katika ukoo wa mtemi anayerithi kiti. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Waafrika wawili wa kwanza walioingizwa katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, mwaka 1945, walikuwa machifu: Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Abdiel Shangali wa Machame. Serikali ya Kiingereza iliamini kwamba sauti ya Mwafrika ni sauti ya chifu wake. Bomani aliingia kwa mlango mwingine.

Mlango huo ulikuwa ushirika. Baada ya kufanya kazi ya ofisi katika mgodi wa almasi wa Mwadui, alikuja Mwanza, na mwaka 1947 akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika. Mwanza wakati huo ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Ziwa, na mali ya Jimbo la Ziwa ilikuwa pamba. Mkulima wa Magu, Kwimba, Geita au Ukerewe alilima, akapalilia, akachuma, akabeba mzigo wake mpaka kituo cha kununulia. Hapo mambo yote yaliamuliwa na chombo kimoja, yaani mzani. Mwenye mzani alikuwa mnunuzi. Mkulima hakujua kusoma namba zake, na hata aliyejua hakuwa na mzani wa pili wa kulinganisha. Ratili chache zikipotea katika kila mzigo, hesabu yake kwa wilaya nzima ni fedha nyingi sana.

Bomani na wenzake waliwaunganisha wakulima, wakaweka wapimaji wao wenyewe katika vituo, ili pamba ipimwe na mtu anayeaminiwa na mkulima kabla ya kuuzwa. Naomba wanafunzi wa hesabu walifikirie jambo hili. Mapambano ya siasa katika nchi yetu ya Usukuma hayakuanza kwa hotuba. Yalianza kwa kuhakikisha kwamba ratili moja ni ratili moja. Kutoka kwa wapimaji vikaja vyama vya msingi, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika shirikisho lililoitwa kwa kifupi V.F.C.U., yaani Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Bomani, aliyekuwa amekwenda kusoma mambo ya ushirika katika chuo cha Loughborough huko Uingereza, ndiye aliyeliongoza. Baada ya miaka michache shirikisho hilo lilinunua pamba ya jimbo zima na kumiliki viwanda vya kuichambua, nalo likahesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika yaliyoendeshwa na Waafrika katika bara hili.

Tukumbuke pia kwamba kuanzia mwaka 1954 hadi 1958 serikali ya kikoloni haikuruhusu TANU kufanya kazi Usukumani. Kwa miaka hiyo mkutano wa ushirika ulikuwa mahali ambapo mkulima angeweza kusimama, kuuliza na kupiga kura. Watu walijifunza demokrasia juu ya magunia ya pamba.

ALIVYOINGIA BARAZANI

Bomani aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria katikati ya miaka ya 1950 kwa kuteuliwa na Gavana. Mwaka 1955 Baraza lilipanuliwa, na viti 30 vya wasio watumishi wa serikali vikagawanywa sawasawa: 10 vya Waafrika, 10 vya Waasia na 10 vya Wazungu. Mwanafunzi yeyote wa jiografia aonaye idadi ya watu wa Tanganyika ataona mara moja kwamba usawa huo haukuwa usawa.

Kisha ukaja uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959. Ulifanywa kwa masharti ya ajabu. Mpiga kura alipaswa kuwa na elimu ya darasa la nane, au mapato ya paundi 150 kwa mwaka, au cheo fulani. Na alilazimika kuwapigia kura watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wana-TANU wengi walitaka kuususia. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958 chama kiliamua kuingia, na wagombea waliokubaliwa na TANU walishinda. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Lakini tazameni namba nyingine: katika viti hivyo 71, viti 58 vilipata mtu bila kupingwa. Yaani katika sehemu nyingi za nchi mwananchi hakupewa nafasi ya kuchagua kati ya watu wawili. Tutairudia namba hii mbele.

Mwezi Septemba 1960 Mwalimu Nyerere alipounda serikali yake ya kwanza, Bomani alipewa kilimo na ushirika. Mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha.

KURA HUPIGWAJE

Kabla ya kuitazama miswada yenyewe, hapana budi nieleze jinsi kura inavyopigwa, maana watu wengi hudhani kila kura ya mbunge imeandikwa mahali fulani kwa jina lake. Sivyo.

Mswada wa kawaida husomwa mara ya kwanza, ukapelekwa kwenye kamati. Ukirudi husomwa mara ya pili, hapo ndipo wabunge hujadili shabaha yake. Halafu Bunge zima hukaa kama kamati na kupitia kifungu kwa kifungu, na mwisho mswada husomwa mara ya tatu. Wakati wa kuamua Spika huuliza, wanaokubali husema "Ndiyo", wasiokubali husema "Siyo", naye Spika huamua kwa masikio yake ni upande gani umeshinda. Sauti hazina majina. Ndiyo maana mbunge anaweza kusema "Ndiyo" Bungeni na kuwaambia wananchi kijijini kwamba alisikitishwa sana na sheria ile.

Kura zenye majina zipo, lakini ni chache. Mswada wa kubadili Katiba hauwezi kupita bila theluthi mbili, kwa hiyo watu huhesabiwa. Na katika bajeti ya serikali, kila mwaka mwezi wa Juni, kila mbunge huitwa kwa jina lake na kujibu mbele ya wote. Bajeti ikikataliwa, Rais anaweza kulivunja Bunge. Wazazi wanaosikiliza redio siku hiyo wanajua jinsi majina yanavyosomwa mmoja mmoja.

Na mbunge aliye waziri amefungwa zaidi. Mambo hujadiliwa kwa siri katika Baraza la Mawaziri. Uamuzi ukishatolewa, kila waziri huubeba kama wake. Asiyeweza kuubeba hujiuzulu. Kwa hiyo miswada mikubwa ya serikali ambayo Bomani alikaa ndani yake, akaitumikia na asijiuzulu, twaweza kuiweka juu ya mzani wake bila kumwonea.

MISWADA MINNE

Wa kwanza ni Mswada wa Uraia wa Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru. Swali lilikuwa: nani atakuwa raia wa Tanganyika? Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe kwanza wa Waafrika, na watu wenye asili ya Asia na Ulaya wasubiri. Serikali ilikataa kuweka rangi katika sheria. Mwalimu Nyerere aliwaambia wabunge kwamba mswada ukishindwa serikali yake itajiuzulu. Ulipita.

Sasa mkumbuke mzani wa pamba. Wanunuzi na wenye viwanda ambao Bomani alishindana nao Usukumani, wengi wao walikuwa Waasia. Kama alikotoka mtu ndiko kunakoamua kura yake, basi yeye angekuwa wa kwanza kudai uraia wa rangi. Lakini alikuwa waziri katika serikali iliyoweka kiti chake rehani kwa ajili ya uraia usio na rangi. Kwa maoni yangu hapa pana funzo: kugombana na mzani mbovu si kugombana na kabila la mwenye mzani. Aliyedanganya katika kupima alistahili kuzuiwa awe nani awe, na mtoto aliyezaliwa Mwanza alistahili haki zake awe nani awe.

Wa pili ni Mswada wa Kuweka Watu Kizuizini, uliopita mwezi Septemba 1962. Sheria hiyo ilitoa mamlaka ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, akidhaniwa kuwa ni hatari kwa usalama wa nchi. Waliotetea walisema nchi ni changa na adui ni wengi. Waliopinga walisema kwamba silaha ikitengenezwa kwa ajili ya adui itakuja kumpata asiye adui. Bomani alikuwa waziri. Sikubaliani na mtu anayesifu Mswada wa Uraia na kuunyamazia huu, wala na mtu anayetaja huu na kuusahau ule. Vyote viwili vimo katika hesabu moja.

Wa tatu si mswada mmoja, ni kundi la miswada iliyobadili utawala na ardhi. Mwaka 1962 Bunge lilipitisha Katiba ya Jamhuri, nayo Jamhuri ikazaliwa tarehe 9 Desemba mwaka huo. Mwaka 1963 sheria ya machifu ilifutwa, na utemi ukapoteza mamlaka yake ya kiserikali. Mwaka huo huo ardhi iliyokuwa mali ya watu binafsi milele iligeuzwa kuwa ya kukodi kwa serikali. Kwa mtoto wa mhubiri aliyepanda kwa njia ya ushirika, kufutwa kwa utemi hakukuwa jambo la kushangaza. Kwa wazee wengi wa Usukumani lilikuwa jambo zito, maana mtemi hakuwa karani wa kodi tu. Alikuwa pia mtu wa mvua, wa mbegu na wa mashauri.

Wa nne ni Katiba ya Muda ya mwaka 1965, iliyoifanya Tanzania kuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria, mpaka vyama vingi viliporudishwa mwaka 1992. Na sheria hii, wasomaji wapenzi, ilimgeukia Bomani mwenyewe kwa namna ambayo wachache waliitazamia.

WANANCHI NAO WAKAPIGA KURA

Chini ya utaratibu mpya, karibu kila jimbo la uchaguzi lilipelekewa wagombea wawili, wote wa TANU. Mkutano wa wilaya ulipiga kura ya kwanza, Halmashauri Kuu ya chama ikathibitisha majina mawili, na wagombea wakapewa alama: mmoja jembe, mwingine nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Walihutubia katika mikutano ile ile, jukwaa moja, na walikatazwa kutaja kabila, rangi au dini.

Turudie sasa ile namba 58. Mwaka 1960 wananchi wa sehemu nyingi hawakuwa na mtu wa pili wa kumchagua. Mwaka 1965, ingawa chama kilikuwa kimoja, mtu wa pili alikuwapo. Mwezi Septemba wapiga kura waliitumia nafasi hiyo, na wabunge wengi wa zamani waliangushwa. Miongoni mwao alikuwamo Waziri wa Fedha, Paul Bomani, mjenzi wa ushirika, aliyekataliwa nyumbani kwake.

Kwa nini? Karatasi ya kura haina nafasi ya kuandika sababu. Lakini hali ya wakulima inajulikana. V.F.C.U. lililoanza kama ngao ya mkulima lilikuwa limekuwa jumba kubwa lenye makarani, magari na makato. Mkulima hakuwa na ruhusa ya kuuza pamba yake kwingine. Aliyepata fedha kidogo mwisho wa msimu hakumwona tena mnunuzi wa Kiasia wa kumlaumu. Aliona chama chake mwenyewe. Mwaka 1966 serikali iliunda tume maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini, na tume ilikuta malalamiko ya kweli: uongozi mbaya, wizi, na wanachama wasiojua mambo ya chama chao. Baadaye shirikisho la Victoria lilivunjwa na Nyanza ikachukua mahali pake. Na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vyote vikafutwa, hata viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba. Baba yangu alipotaja ushirika hakuwahi kutaja sheria wala mawaziri. Alitaja mzani na siku ya malipo. Kwake yeye kila mswada ulikuwa na mwisho mmoja, yaani pale kituoni. Naamini wapiga kura wengi wa mwaka 1965 walihesabu kama baba yangu, na sioni kwamba walikosea kuhesabu hivyo.

Mambo hayakuishia hapo. Katiba ilimpa Rais uwezo wa kuteua baadhi ya wabunge, nao uwezo huo upo hata leo, kwa watu wasiozidi 10. Mwalimu Nyerere alimteua Bomani kuwa mbunge, akampa wizara ya uchumi na mipango ya maendeleo. Hivyo alikuwamo serikalini Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, Bunge lilipopitisha sheria za kutaifisha mabenki na mashirika makubwa. Baadaye, mwaka 1972, alipelekwa Marekani kuwa balozi, akakaa huko miaka zaidi ya 10.

Wanafunzi wangu walibishana sana juu ya uteuzi huo. Upande mmoja ulisema: watu wamekataa, na neno la watu limerudishwa kwa mlango wa nyuma. Upande wa pili ulisema: nchi changa iliyo na wataalamu wachache haiwezi kumtupa mtu aliyekwisha kujifunza kazi ya fedha, na jimbo lilipata mbunge lililomtaka, halikunyang'anywa kitu. Nawaachia wasomaji wachague. Mimi naona kwamba pande zote mbili zina haki, lakini tusichanganye vyeo hivi. Mbunge wa kuteuliwa hupiga kura Bungeni kama wengine. Tofauti yake ni kwamba hana kijiji kitakachomwuliza.

TUPIME VIPI LEO

Basi, kwa swali la Kidato cha Tatu najibu hivi. Mkitaka kumpima mbunge, andikeni safu tatu katika daftari. Safu ya kwanza: alikotoka, kazi aliyoifanya kabla ya siasa, na watu waliomwinua. Safu ya pili: miswada mitano au sita mikubwa ya kipindi chake, alisema nini, na pale majina yalipoitwa alijibu nini. Majadiliano ya Bunge huandikwa neno kwa neno katika Taarifa Rasmi, na mtu yeyote ana ruhusa ya kuyasoma. Safu ya tatu: sheria hizo zilifanya nini zilipofika kituoni, yaani sokoni, mwaloni, shambani, shuleni na zahanati.

Mkiweka Bomani katika safu hizo mtaona mtu ambaye hawezi kumalizwa kwa neno moja. Alimpa mkulima wapimaji. Alikaa katika serikali iliyokataa uraia wa rangi, na serikali ile ile ikapitisha sheria ya kizuizini. Alijenga shirika kubwa ambalo baadaye liliwaelemea baadhi ya waliolijenga. Wananchi wake walimwangusha kwa amani, bila jiwe moja kurushwa kwa jina lake, naye akaendelea kuitumikia nchi katika kazi nyingine.

Wengi wenu mtafikia umri wa miaka 18 kabla ya uchaguzi ujao au ule utakaofuata. Watakuja watu Nyamagana, Ilemela, Magu, Misungwi, Sengerema na Ukerewe, watatoa fulana na kusema maneno matamu. Msiwadharau, wala msiwashangilie haraka. Waulizeni kwa adabu, kama watoto waliosoma: "Mheshimiwa, ulikuwa wapi siku mswada ule ulipopita, nawe ulisema nini?" Halafu mnyamaze, msikilize jibu mpaka mwisho, mkaliandike katika ile safu ya pili.